Gambiti ya Marshall na Daftari la Maabara

Katika shule zetu za sekondari iko tabia moja ambayo kila mwalimu wa sayansi anaijua, ingawa si wengi wapendao kuizungumza. Mwanafunzi hupewa jaribio la kufanya, hulifanya, jibu alipatalo halilingani na lile la kitabuni, naye, bila ya kumwuliza mtu, hulifuta jibu lake na mahali pake huandika la kitabu. Mwalimu husahihisha, hutia alama ya vema, na kazi huishia hapo. Kwa maoni yangu, tabia hii huidhuru elimu ya sayansi hata kuliko uhaba wa vyombo vya maabara. Chombo kikikosekana chaweza kununuliwa au kutengenezwa kwa mikono yetu wenyewe. Lakini kosa likisha kufutwa haliwezi tena kumfundisha mtu yeyote.

Ili kuieleza hoja hii nitatumia mfano ambao pengine msomaji hakuutazamia: mchezo mmoja wa sataranji. Ulichezwa mjini New York tarehe 23 Oktoba 1918, katika mashindano ya mabingwa, baina ya José Raúl Capablanca wa Cuba na Frank Marshall wa Marekani. Marshall alileta mbinu ya namna ya gambiti, akashindwa kwa hatua 36. Hata hivyo mbinu ile inaitwa kwa jina lake hadi leo, na mabingwa wangali wakiitumia. Yawezekanaje hoja ishindwe mbele ya watu, kisha iendelee kuishi? Anayelijua jibu la swali hili amekwisha kuelewa jambo kubwa juu ya kazi ya sayansi.

Ubao na maana ya gambiti

Kwa ajili ya wale wasioujua mchezo huu, inafaa kueleza machache. Ubao wa sataranji una miraba 64, hesabu ile ile ya kete zote za bao la Kiswahili. Safu za wima huitwa kwa herufi, kuanzia a hadi h, na za ulalo kwa tarakimu, kuanzia 1 hadi 8; hivyo kila mraba una jina lake, kama vile d5 au f2. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane. Askari ndiye kete dhaifu kuliko zote, lakini akifika salama mwisho wa ubao hugeuka kuwa malkia. Mchezo hukwisha pale mfalme wa upande mmoja anaposhambuliwa asiwe na pa kukimbilia, au mchezaji anapokiri kwamba ameshindwa. Mwenye kete nyeupe huanza, nasi tutamwita Mweupe. Mwenzake ni Mweusi. Mwendo wa Mweupe pamoja na jibu la Mweusi huhesabiwa kuwa hatua moja.

Neno gambiti lina asili ya Kiitalia. Padri mmoja wa Hispania, Ruy López, ndiye aliyelitumia katika kitabu chake cha sataranji cha mwaka 1561, akilitoa katika msemo wenye maana ya kumtega mtu mguu ili aanguke. Sisi tungesema kumpiga mtu ngwala. Katika sataranji, gambiti ni kutoa kete, kwa kawaida askari mmoja, mapema katika mchezo, kwa hiari, ili kupata kitu kingine badala yake. Kitu hicho aghalabu ni wakati: wakati adui anaposhughulika kula askari, wewe unazitoa kete zako na kuzipanga kwa shambulio.

Wapo wanaodhani kwamba gambiti ni kamari. Si kweli. Mcheza kamari hungojea bahati, naye hana la kueleza iwapo atashindwa. Mcheza gambiti anatoa dai linaloweza kupimwa. Anasema: "Katika hali hii, hatua mbili au tatu nilizozipata zina thamani kuliko askari niliyempoteza." Dai hilo laweza kuwa la kweli au la uwongo, na anayelipima ni mpinzani, tena mpinzani afanyaye kila awezalo kulivunja. Katika lugha ya wanasayansi dai la namna hii huitwa nadharia tete.

Hoja ya Marshall

Marshall alikuwa bingwa wa Marekani tangu mwaka 1909, na alijulikana kwa ujasiri wa kushambulia. Mwaka huo huo wa 1909 alikuwa amepambana na Capablanca, kijana wa miaka 20 wakati ule, akashindwa vibaya: Capablanca alishinda michezo 8, Marshall mmoja tu, na michezo 14 ikawa sare. Husimuliwa kwamba baada ya aibu hiyo Marshall aliitunga gambiti yake kwa siri na kuificha kwa miaka tisa akingojea siku ya kulipiza kisasi. Ni hadithi tamu, lakini wanahistoria wa sataranji wameitilia shaka. Tuwe waangalifu nayo, maana hadithi tamu nayo ni dai linalohitaji ushahidi.

Mchezo wa 1918 ulianza kwa njia ya Kihispania, yenye kuitwa kwa jina la Ruy López yule yule. Kwa hatua saba hakuna lililokuwa geni. Katika hatua ya 8, badala ya kusogeza askari kidogo kama ilivyokuwa desturi, Marshall alimsukuma askari wake hadi d5. Baada ya kubadilishana kete, Capablanca alikuwa na askari mmoja zaidi. Marshall naye alipata nini? Itazame hali ilivyokuwa hatua ya 11. Farasi, askofu na ngome ya Mweupe upande wa malkia walikuwa bado wamelala mahali pao pa kuanzia. Ngome yake nyingine ilikuwa katikati ya ubao, mahali ambapo ingeweza kufukuzwa na kulazimika kurudi nyumbani. Mweusi alikuwa na njia wazi kuelekea kwa mfalme wa adui. Hilo ndilo lililokuwa dai la Marshall: askari mmoja kwa shambulio.

Capablanca aliijua hatari hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1921 anaeleza kwamba alifikiri kabla ya kumla askari yule, kwa kuwa alijua atapata shambulio kali ambalo mpinzani wake amekwisha kulitafiti. Hata hivyo aliona kwamba heshima yake inamtaka alipokee. Hapo tunaona tabia mbili zinazohitajika katika elimu: mmoja anathubutu kutoa dai jipya mbele ya hadhara, na mwingine anakubali kulipima kwa haki badala ya kulikwepa.

Mapambano

Katika hatua ya 13 farasi wa Marshall aliruka hadi g4, karibu kabisa na mfalme mweupe. Capablanca angeweza kumla kwa askari, lakini kumla kungemfungulia malkia mweusi njia ya kumwendea mfalme. Badala yake alimtoa malkia wake hadi f3. Hatua ya 15, farasi yule yule aliingia f2, akamla askari, akasimama mahali ambapo malkia mweupe angeweza kumla.

Mwanafunzi mwenye ubao na asimame hapa kidogo, maana pana funzo zuri juu ya mpangilio wa hatua. Tuseme malkia mweupe amemla farasi. Ikiwa Mweusi atamjibu kwa haraka kwa kumpeleka askofu g3, ili kumshambulia malkia huyo, atapoteza mchezo papo hapo: malkia mweupe atamla askari wa f7, ngome nyeusi ikimla malkia, ngome nyeupe itashuka hadi e8, na mfalme mweusi atakuwa amekwisha. Lakini ikiwa Mweusi kwanza atampeleka askofu h2 na kumtishia mfalme, mfalme atalazimika kusogea f1 ili aendelee kumlinda malkia wake. Na sasa askofu akirudi g3, hila ile ya Mweupe haifanyi kazi tena. Kwa nini? Kwa sababu ngome nyeusi ikimla malkia pale f7, kuila kwenyewe kunamtishia mfalme aliyesimama f1, wala Mweupe hana nafasi ya kushuka e8. Miendo ni karibu ile ile. Mpangilio tu ndio uliobadilika. Hata katika kemia, kumimina tindikali katika maji si sawa na kumimina maji katika tindikali.

Capablanca hakumla farasi. Aliipeleka ngome yake e2, mwendo mtulivu katikati ya vurugu. Yaliyofuata yalikwenda kasi: Marshall alimtoa askofu wake mmoja, kisha farasi akaliwa, kisha ngome nyeupe ikaliwa. Mfalme mweupe akaanza safari kwa miguu, toka f1 hadi e2, toka e2 hadi d3, na hatua ya 24 akafika c2, ambako alipata makimbilio. Vumbi lilipotulia, Mweupe alikuwa amepata farasi na askofu kwa ngome moja, na malkia mweusi alikuwa amesalia pembeni mwa ubao, mbali na mahali palipokuwa na kazi.

Ndipo kete za Capablanca zilizokuwa zimelala zilipoamka. Ngome ya a1 haikusogea hata mara moja mpaka hatua ya 31, na farasi wa b1 mpaka hatua ya 32. Askari mdogo wa a2 alipanda, akala, akaingia safu ya b, na kufikia hatua ya 35 alikuwa b7, hatua moja tu kabla ya kugeuka malkia. Hatua ya 36 askofu mweupe alimla askari wa f7 na kumtishia mfalme, na mchezo ukaishia hapo. Capablanca alishinda mashindano yote, na mwaka 1921 akawa bingwa wa dunia.

Kosa lilikuwa wapi?

Aliyetazama siku ile angeweza kusema kwamba gambiti ya Marshall imevunjwa, basi tuiweke kando. Wengi walidhani hivyo. Lakini mchezo ulikuwa umeandikwa hatua kwa hatua, na mtu yeyote angeweza kuurudia nyumbani kwake na kuuliza swali lililo bora zaidi: imevunjwa katika hatua gani?

Turudi hatua ya 11. Farasi mweusi alikuwa d5, katikati ya ubao, mahali panapomfaa sana. Alikuwa ameshambuliwa na kete mbili, ngome na askofu, na alilindwa na kete moja tu, malkia wake. Hapana budi jambo fulani lifanyike. Marshall alimwondoa, akampeleka f6. Lakini palikuwa na njia nyingine: kusogeza askari hadi c6, ili farasi abaki pale pale d5 akiwa na mlinzi wa pili. Marshall mwenyewe ndiye aliyekuja kuishika njia hiyo baadaye. Kwa mwendo huo mdogo wa askari, Mweusi hubaki na nguvu katikati ya ubao, na kete zake nyingine hutoka zikisaidiana.

Matokeo yake yanajulikana. Boris Spassky, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1969, aliitumia gambiti hii katika pambano lake na Mikhail Tal mjini Tbilisi mwaka 1965, na pambano hilo alilishinda. Mabingwa wengi wanaocheza upande wa Mweupe wamekuwa wakiikwepa kabisa kwa kubadili mwendo wao katika hatua ya 8. Kompyuta za siku hizi, zilizomzidi binadamu kwa nguvu tangu muda mrefu, huelekea kuonyesha kwamba baada ya askari kwenda c6 Mweusi anapata fidia ya kutosha kwa askari aliyemtoa. Njia ya f6, kwa upande mwingine, ingali ikihesabiwa kuwa dhaifu. Kwa hiyo Capablanca hakukosea, wala wazo la Marshall halikukosea. Lililokosewa ni tawi moja la wazo hilo.

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini Marshall asikae nyumbani na kuhesabu njia zote kabla ya kucheza? Jibu ni kwamba haiwezekani. Mweupe ana miendo 20 ya kuanzia, na Mweusi ana majibu 20. Kwa hiyo baada ya hatua moja tu tayari ziko hali 400. Mwaka 1950 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Claude Shannon, alikadiria kwamba idadi ya michezo ya sataranji iwezekanayo ni kama 1 ikifuatwa na sifuri 120. Hata kwa kompyuta za sasa, hesabu kamili isiyo na shaka imekwisha kufanywa kwa hali zenye kete 7 au pungufu tu, ilhali mchezo huanza na kete 32. Penye mambo mengi kupita kiasi cha kuhesabika, njia iliyobaki ni kutoa dai, kulipima, kuandika yaliyotokea, na kusahihisha. Watafiti wa hali ya hewa, wa magonjwa na wa mbegu za kilimo hawana njia nyingine.

Mfano kutoka elimu ya ardhi

Yasidhaniwe kuwa haya ni mambo ya mchezo tu. Historia ya sayansi ina gambiti zake. Mwaka 1912 Alfred Wegener wa Ujerumani alitoa hoja kwamba mabara hayakukaa mahali pamoja tangu asili, bali yaliwahi kushikana na baadaye yakaachana. Alionyesha jinsi pwani za Afrika na Amerika ya Kusini zinavyolingana, na jinsi miamba na mabaki ya viumbe wa kale yanavyofanana pande zote mbili za bahari. Lakini alipoulizwa ni nguvu gani iliyoyasukuma mabara, alitaja nguvu zitokanazo na mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Harold Jeffreys wa Uingereza alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Jeffreys alikuwa na haki kabisa katika hesabu yake. Wataalamu wengi wakaitupa hoja yote.

Wegener alifariki mwaka 1930 huko Greenland kabla ya kuona mwisho wa mambo. Katika miaka ya 1960 uchunguzi wa sakafu ya bahari ulionyesha kwamba sakafu hiyo hupanuka kutoka katika migongo iliyo chini ya maji, na hoja ya mabara kusogea ikasimama tena juu ya msingi mwingine. Leo vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba hata hapa kwetu, katika Bonde la Ufa, pande mbili za ardhi zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Wegener alikuwa na wazo zuri lenye mwendo mmoja mbaya. Kama maandishi yake na hesabu za wapinzani wake zingefutwa, waliofuata wangelazimika kuanza upya.

Jiwe na fundo

Sasa nirudi darasani. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu jaribio la pendulamu: jiwe lililofungwa katika uzi na kubembezwa, ili kupata mchapuko wa mvutano wa ardhi kwa kanuni g = 4π²L/T². Kundi moja lilipima urefu wa uzi, likapata mita 0.30, na likahesabu mabembeo 20 kwa sekunde 22.7. Walipokokotoa walipata 9.2. Nilipofika mezani kwao, daftari lilikuwa na alama ya kifutio, na juu yake pameandikwa 9.8.

Niliwaomba wanirudishie namba yao ya kwanza. Waliona haya. Tulipima tena pamoja. Saa yao ilikuwa sahihi, na hesabu yao ya mabembeo ilikuwa sahihi pia. Ndipo msichana mmoja akauliza kama urefu unapaswa kuishia kwenye fundo au katikati ya jiwe. Jiwe lilikuwa na unene wa sentimita 4. Kutoka kwenye fundo hadi katikati yake palikuwa na sentimita 2. Waliweka 0.32 mahali pa 0.30, wakakokotoa upya, wakapata 9.8. Msomaji aweza kuihakiki hesabu hiyo mwenyewe.

Tazama basi jinsi jambo hili lilivyofanana na mchezo wa New York. Jaribio zima halikuwa baya. Lilikosewa mwendo mmoja. Ile 9.2 waliyoionea haya ndiyo iliyokuwa na habari. Ndiyo iliyowaelekeza kwenye jiwe na kuwafundisha kwamba pendulamu hupimwa hadi kitovu cha uzito wake. Ile 9.8 ya kitabu haikuwa na habari yoyote, maana walikuwa nayo kabla ya kufunga uzi. Nakiri pia kwamba lawama haikuwa yao peke yao. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilitoa alama kwa jibu lililolingana na kitabu bila kuuliza lilivyopatikana, na mwanafunzi hujifunza upesi kile ambacho mwalimu wake hukilipa.

Pingamizi na majibu yake

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba sataranji ni mchezo wa kigeni na wa anasa. Ubao huchorwa kwa dakika chache juu ya kadibodi, na vizibo vya chupa vilivyoandikwa majina ni kete tosha. Na anayependelea bao alitumie; lina hesabu nzito kweli kweli, na kinachotakiwa ni wachezaji waandike mitaji yao hatua kwa hatua ili mchezo uweze kurudiwa na kuchunguzwa.

Wa pili, kwa nia njema, atasema sataranji ifundishwe kwa kuwa huongeza akili za hisabati. Huyu nami namwomba asite. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 100 za msingi nchini Uingereza. Wanafunzi waliofundishwa sataranji hawakuonekana kuwazidi wenzao katika hisabati walipopimwa mwaka uliofuata. Basi tusiuze dawa isiyothibitishwa. Siudai mchezo huu utie akili kichwani mwa mtu. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba mchezo ulioandikwa ni mfano ulio wazi wa jinsi dai linavyotolewa, linavyopimwa na linavyosahihishwa, na kwamba mwanafunzi aweza kuuona wote kwa saa moja.

Wa tatu ni mwalimu mwenyewe, mwenye darasa kubwa na mtihani mbele yake. Pingamizi lake ndilo zito kuliko yote, wala sitalidharau. Mtihani hauwezi kungojea. Lakini ninayoyapendekeza hayahitaji vipindi vipya wala fedha. Kwanza, kifutio kisiingie maabara: namba iliyokataliwa ipigwe mstari mmoja tu, iendelee kusomeka. Pili, katika kila jaribio litengwe fungu la alama kwa ajili ya mwanafunzi anayeonyesha ni hatua gani iliyomkosesha, hata kama jibu lake la mwisho halikulingana na kitabu. Tatu, angalau mara moja kila muhula darasa lichukue kazi moja iliyokosewa, bila ya kutaja jina la mwenye kazi, lirudie hatua zake kama tulivyorudia hatua za Marshall, na liulize: tawi lilikatika wapi? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hataogopa mtihani wa vitendo, kwa kuwa amekwisha kujua la kufanya namba zinapomgomea.

Wahenga wamesema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Marshall alikubali kushindwa tarehe 23 Oktoba 1918, mchezo wake ukaandikwa wote, pamoja na mwendo ule mbaya wa hatua ya 11. Na kwa sababu mwendo huo uliandikwa, uliweza kusahihishwa. Ndugu waalimu, tuwaruhusu wanafunzi wetu nao waandike hatua zao za 11. Taifa linalohitaji watafiti wa kesho haliwezi kuwapata kwa madaftari yasiyo na kosa hata moja.